Dume au Jike? Hotuba Kuhusu Jinsia ya Viumbe wa Michezo ya Video

Hotuba hii niliitoa mbele ya mkutano wa wachezaji na mashabiki wa michezo ya video. Baadhi ya waliokosa kufika wameniomba maneno yake, nami nayaweka hapa yote kama nilivyoyasema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, na pale zilipohitajika nimezieleza kwa maneno.

Mabibi na mabwana, ndugu zangu wachezaji,

Naomba nianze na swali ambalo mpwa wangu aliniuliza akiwa na umri wa miaka saba. Alikuwa ameketi kando yangu akimchezesha Yoshi, yule dinosaria wa kijani wa michezo ya Mario. Yoshi alimnasa adui kwa ule ulimi wake mrefu, akammeza, na kufumba na kufumbua yai jeupe lenye madoa ya kijani likatokea nyuma yake na kuanza kumfuata kila aendako. Mpwa wangu akausimamisha mchezo. Akanigeukia na kuniuliza, "Mjomba, huyu aliyetaga ni baba au ni mama?"

Nilimjibu upesi kwamba ni dume. Akaniuliza, "Mbona ametaga?" Hapo nikanyamaza, kwa maana niligundua kwamba sikuwa na hoja yoyote. Nilijua kwamba Yoshi ni dume kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba maandishi ya Kiingereza niliyokuwa nikiyasoma tangu utotoni yalimwita kwa kiwakilishi cha kiume. Sikuwa nimeona jambo lolote katika mwili wake, wala katika mwenendo wake, wala katika mchezo wenyewe, lililoniambia hivyo.

Ni wangapi kati yenu mmewahi kuingia katika ubishi wa namna hii? Naiona mikono mingi. Na ni wangapi mmewahi kumwona mtu akitukanwa kwa sababu ya ubishi huo? Mikono haijapungua sana, na hilo ndilo lililonileta hapa.

Nimekuja kusema jambo moja. Kiumbe wa mchezo hana mwili mwingine zaidi ya ule aliopewa na waliomtengeneza. Hatuwezi kumpeleka kwa daktari wa mifugo, wala hatuwezi kumngoja azae ili tujue. Kwa hiyo tunapobishana kuhusu jinsia yake tunabishana kuhusu ushahidi, na mashahidi wetu hawana uzito mmoja. Mmoja anasema kutokana na namba iliyomo ndani ya mashine, mwingine kutokana na sura aliyoiona, na mwingine kutokana na neno alilolisoma. Tunawaweka wote watatu katika kizimba kimoja, tunawaacha waseme kwa pamoja, kisha tunashangaa kwamba kesi haiishi.

Chukueni lile yai la Yoshi. Katika mchezo wa Yoshi's Island wa mwaka 1995, yai hutokana na adui aliyemezwa, na kazi yake ni kurushwa kama silaha. Halitokani na kujamiiana, na halimtoi kifaranga. Basi yai hilo linathibitisha nini kuhusu jinsia ya aliyelitaga? Halithibitishi chochote. Mpwa wangu aliuliza vizuri, lakini shahidi aliyemleta hakuwa na la kusema, na shahidi niliyemleta mimi alikuwa kiwakilishi cha lugha ya watu wengine.

Nianze na shahidi aliye imara kuliko wote, yaani namba. Michezo ya kwanza ya Pokémon, ambamo mchezaji hukamata viumbe na kuwapambanisha, ilipotoka nchini Japani tarehe 27 Februari 1996, viumbe waliokuwamo hawakuwa na jinsia iliyoandikwa popote, isipokuwa Nidoran. Nidoran wa namba 29 katika orodha alikuwa jike na Nidoran wa namba 32 alikuwa dume, na mashine iliwahesabu kuwa aina mbili tofauti ambazo majina yake yalitofautiana kwa alama moja tu mwishoni. Mwaka 1999 zikatoka Gold na Silver, michezo ya Pokémon iliyofuata, zikaleta uzazi na mayai, na kwa hiyo viumbe walio wengi wakahitaji kuwa ama dume ama jike.

Sasa nawauliza, jinsia hiyo iliwekwa wapi? Michezo mipya ilipaswa kubadilishana viumbe na ile ya zamani, na ile ya zamani haikuwa na nafasi ya kuandika jinsia. Kilichofanyika ni kuisoma jinsia kutoka katika namba iliyokuwapo tayari, nayo ni namba ya asili ya shambulizi, ambayo kila kiumbe huzaliwa nayo na ambayo huanzia 0 hadi 15. Kwa aina ambayo nusu yake ni madume na nusu ni majike, mwenye namba kuanzia 0 hadi 7 alihesabiwa kuwa jike, na mwenye 8 kwenda juu alihesabiwa kuwa dume. Kwa wale viumbe tunaochagua mmoja wao mwanzoni mwa safari, ambao jike ni mmoja katika kila wanane, jike alikuwa yule mwenye 0 au 1 peke yake.

Fikirini maana yake. Katika michezo ile, kila jike alizaliwa na nguvu ya asili ya shambulizi iliyo chini kuliko ya dume yeyote wa aina yake, bila kosa lake na bila mtu kumpima uwanjani. Nimewasikia wachezaji, watu wazima wenye akili timamu, wakijenga juu ya jambo hili nadharia ndefu kuhusu maumbile, wakisema kwamba hivyo ndivyo viumbe hawa walivyo. Ukiifungua kanuni yenyewe huoni maumbile humo. Unaona namba moja iliyopewa kazi mbili.

Na namba hiyo ilikuwa na kazi ya tatu pia. Wale viumbe wa rangi adimu, ambao mchezaji anaweza kucheza miaka asimwone hata mmoja, walitambuliwa kwa namba hizo hizo za asili, na namba ya shambulizi ilipaswa kuwa moja kati ya 2, 3, 6, 7, 10, 11, 14 na 15. Humo hamna 0 wala 1. Kwa hiyo katika Gold na Silver, jike wa rangi adimu wa wale viumbe wa mwanzo wa safari hakuwezekana kabisa. Kuna wachezaji waliomtafuta kwa subira kubwa, yai baada ya yai, usiku baada ya usiku, na alikuwa hayupo. Nikiwafikiria watu hao huwa naona uchungu, kwa sababu walichokosa si bahati. Walikosa mtu wa kuwaeleza hesabu.

Mwaka 2002, zilipotoka Ruby na Sapphire, jinsia ilihamishiwa katika namba nyingine isiyohusiana na nguvu, na majike wakaacha kuwa dhaifu siku ile ile. Lakini michezo hiyo ndiyo iliyomleta Azurill, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote.

Azurill ni kiumbe mchanga wa rangi ya buluu, mwenye mkia unaobeba mpira mkubwa kuliko yeye mwenyewe. Akikua huwa Marill. Kwa Azurill, watatu kati ya kila wanne walipangwa kuwa majike. Kwa Marill, nusu kwa nusu. Mashine ilikuwa na namba kuanzia 0 hadi 255 kwa kila kiumbe, nayo iliisoma upya kulingana na mpaka wa aina aliyonayo kiumbe kwa wakati huo. Mpaka wa Azurill ulikuwa 191, na wa Marill ulikuwa 127, na aliye chini ya mpaka alikuwa jike. Basi Azurill jike mwenye namba 150 alikua, akawa Marill, mpaka ukashuka chini yake, na alama iliyo kando ya jina lake ikageuka kutoka jike kuwa dume. Jambo hilo lilimpata mmoja kati ya kila majike watatu wa Azurill.

Je, hii ilikuwa hitilafu au ilikuwa tabia ya kiumbe? Wapo waliosema ni kosa la hesabu na si zaidi. Wapo waliosema kwamba baharini wako samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe ambao wote huanza maisha wakiwa madume, na jike mkubwa wa kundi akifa, dume mkuu hugeuka kuwa jike na kushika nafasi yake. Kwa hiyo kiumbe wa maji kubadilika jinsia si jambo la ajabu. Mimi nasema pande zote mbili ziliheshimu ushahidi, na kwa sababu hiyo ubishi ule ulikuwa mtamu. Hesabu ilijulikana, mfano wa baharini ulikuwa wa kweli, na kilichobaki kilikuwa ni tafsiri. Mwaka 2013 michezo ya X na Y ilirekebisha jambo hili, na tangu hapo Azurill jike hukua akabaki jike. Wako mashabiki waliofurahi, na wako waliosikitika kana kwamba wamepokonywa kitu.

Sasa nije kwa shahidi wa pili, yaani sura. Huyu ndiye tunayemwamini upesi kuliko wote, na ndiye anayetudanganya mara nyingi kuliko wote.

Nitawasimulia kisa changu mwenyewe. Nilipokuwa kijana nilikuwa katika kikundi cha wachezaji waliobadilishana viumbe wa Pokémon. Siku moja akaja mgeni, mdogo kuliko sisi, akamwonyesha kila mtu Gardevoir wake kwa fahari. Mnamfahamu Gardevoir. Ana kiuno chembamba, mavazi yake yanaonekana kama gauni jeupe refu, na nywele zake za kijani zimekatwa vizuri kuzunguka uso. Kando ya jina lake palikuwa na alama ndogo ya buluu, duara lenye mshale, alama ya dume. Tukacheka. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wenzangu, nikamwambia kwamba mashine yake imeharibika au kwamba amemchezea kiumbe wake kwa udanganyifu. Alifunga kifaa chake, akakitia mfukoni, na hakurudi tena.

Nilikuja kujua ukweli miezi kadhaa baadaye. Gardevoir, tangu alipotokea mwaka 2002, ni nusu madume na nusu majike. Yule kijana alikuwa sahihi, alama ilikuwa sahihi, na sisi tuliocheka tulikuwa tumelitazama gauni tukaacha kusoma kilichoandikwa kando yake. Mwaka 2006 waundaji walimleta Gallade, mwenye mikono kama panga, ambaye hutokana na dume peke yake, na watu wengi wakapumua kana kwamba mambo yamewekwa sawa. Lakini dume asiyepewa jiwe la kumfanya Gallade bado hukua akawa Gardevoir, gauni na yote. Laiti ningempata yule kijana leo, ningemwomba radhi.

Tulijifunza wapi kuiamini sura kiasi hicho? Tazameni nyuma. Pac-Man alipotokea mwaka 1980 alikuwa duara la manjano lenye mdomo. Hakuwa na chochote kinachoonyesha udume. Mwaka 1982 akaja Ms. Pac-Man, duara lile lile la manjano, safari hii likiwa na utepe mwekundu kichwani, rangi ya mdomo na kope. Nawaomba muone kilichotokea pale. Jike alipewa alama, na kwa kupewa alama kwake, yule asiye na alama akawa dume rasmi. Tangu wakati huo macho yetu yamefunzwa kwamba asiyevaa utepe ni dume, mwenye kope ndefu ni jike, na kiumbe wa waridi lazima aulizwe maswali.

Kirby, yule kiumbe wa duara anayewameza adui zake, ni wa waridi. Mchezo wake wa kwanza ulitoka mwaka 1992 kwa kifaa kisicho na rangi, na kasha lililouzwa Marekani lilimchora akiwa mweupe kama unga. Ndiyo maana wako wachezaji wa zamani waliomjua kwanza akiwa mweupe na hawakujiuliza lolote, na wako waliomkuta akiwa wa waridi wakaanza kubishana siku ya kwanza. Kiumbe ni yule yule.

Maumbile ya kweli hayatupi ruhusa ya kuiamini sura namna hii. Mtu akiona pembe husema dume, lakini nyumbu jike ana pembe, na nyati jike ana pembe, ilhali swala pala jike hana. Fisi madoadoa jike ni mkubwa kuliko dume, ndiye anayetawala kundi, na viungo vyake vya uzazi kwa nje hufanana na vya dume kiasi cha kuwachanganya hata wenye ujuzi. Farasi wa baharini anayebeba mimba ni dume. Ikiwa wanyama wenye damu na nyama wanatuchanganya hivi, tutamhukumuje kiumbe aliyechorwa kwa penseli kwa kutazama kope zake?

Sitaki kusema kwamba sura haina maana kamwe. Tangu mwaka 2006, waundaji wa Pokémon wameweka tofauti za kuonekana kwa makusudi, na Pikachu jike ana mkia ambao ncha yake imekatwa kama moyo. Combee, yule nyuki wa nyuso tatu, jike wake ana doa jekundu usoni, na ni jike huyo peke yake anayekua kuwa malkia Vespiquen. Hapo sura imeapishwa na waundaji wenyewe, na ushahidi wake unapokelewa. Ingawa, kwa kuwa nyuki wanaofanya kazi mzingani ni majike wote, na Combee saba katika kila wanane ni madume, wafugaji wa nyuki waliomo humu ndani wana haki ya kunung'unika.

Katika Monster Hunter, tangu mchezo wa kwanza wa mwaka 2004, yuko joka mwekundu aitwaye Rathalos na joka wa kijani aitwaye Rathian. Wageni hudhani ni aina mbili. Ni aina moja. Mwekundu ni dume na wa kijani ni jike. Sisi tunaotumia Kiswahili hatukupaswa kushangaa, kwa sababu tuna jogoo na mtetea, fahali na mtamba, maneno mawili yasiyofanana hata kwa silabi moja, na hakuna anayedhani kwamba jogoo ni ndege wa aina nyingine.

Minecraft sitakaa nayo sana, kwa kuwa humo jibu ni fupi. Ng'ombe yeyote akilishwa ngano pamoja na ng'ombe mwingine yeyote, ndama huzaliwa. Kuku yeyote hutaga. Na yule ng'ombe mwenye pembe ndiye huyo huyo unayemkamua. Mwundaji wake aliandika waziwazi mwaka 2012 kwamba jinsia haimo katika mchezo huo. Wanaoendelea kubishana juu ya kuku wa Minecraft wanabishana baada ya hukumu kusomwa.

Ninakuja kwa shahidi wa tatu, ambaye ni neno, na ndiye anayenigusa zaidi kwa sababu mimi hufasiri.

Lugha ya Kijapani, ambamo wengi wa viumbe hawa walizaliwa, inaweza kusimulia habari ndefu bila kumtaja mtendaji kwa kiwakilishi chochote. Kirby anaweza kula, kuruka, kulala na kuokoa dunia bila mwandishi kulazimika kusema kama ni dume au jike. Maandishi hayo yakifika kwa mfasiri wa Kiingereza, mfasiri hana njia rahisi ya kukwepa. Sentensi yake inamdai achague: mwanamume, mwanamke, au kitu. Naye huchagua, pengine siku ya mwisho kabla ya kazi kupelekwa kiwandani, na chaguo lake huwa ukweli kwa kizazi kizima cha wachezaji.

Aliyeteseka zaidi kwa jambo hili ni Birdo, kiumbe wa michezo ya Mario anayetema mayai. Alitokea nchini Japani mwaka 1987, na mwaka 1988 akaingia katika Super Mario Bros. 2. Kijitabu cha Kiingereza cha mchezo huo kilimweleza kwa kiwakilishi cha kiume, kikasema kwamba anajiona kuwa msichana na kwamba angependa kuitwa kwa jina jingine la kike. Hata jina lake lenyewe halikupata utulivu, kwa sababu mwisho wa mchezo majina yalibadilishana, naye akaandikwa Ostro. Maandishi ya miaka iliyofuata hayakushika njia moja. Kwa zaidi ya miaka thelathini watu wamekuwa wakimjadili, na wengi wao humjadili kwa kejeli. Mimi naomba tuiache kejeli. Kijitabu kile kile kilichomwita dume kilisema pia anachopenda kuitwa. Kwa nini tumeikumbuka sehemu ya kwanza kwa bidii na sehemu ya pili tukaifanya kichekesho?

Sasa tazameni lugha yetu. Nikisema "alikuja, akameza, akataga, akaondoka", nimesema yote na sijasema jinsia. Kiambishi cha a- hakimuulizi mtu wala kiumbe swali hilo. Kila ninapofasiri habari za Kirby, ninamrudishia hali aliyokuwa nayo kabla Kiingereza hakijamgusa, na sihitaji ujanja wowote kufanya hivyo.

Lakini nisiwadanganye kwamba Kiswahili hakina mitego yake. Jinsia yetu imejificha katika maneno ya kuitana jamaa, kama kaka na shangazi, na, jambo ambalo wengi hatulioni, katika vitenzi. Siku kiumbe anapooa, tumeshasema ni dume. Akiolewa, tumeshasema ni jike. Nilikwama jioni nzima juu ya sentensi moja ya harusi ya viumbe wawili ambao mchezo haukuwataja jinsia, hadi nilipoandika kwamba "wamefunga ndoa" na mlango ukafunguka.

Mfano wa mwisho ni wa Wagoron, wale watu wa mawe wa michezo ya Zelda. Katika Ocarina of Time ya mwaka 1998, kila Goron tunayemwona ana sura ya kiume, na kwa Kiingereza huitana kwa neno lenye maana ya kaka. Mashabiki wamebishana tangu hapo: je, wako Wagoron wa kike? Au wote ni jinsia moja, au hawana jinsia kabisa na wametokana na mwamba? Mfasiri wa Kiswahili anayeandika "kaka" amelifunga swali hilo. Mfasiri anayeandika "ndugu" ameliacha wazi kama lilivyo, na bado amehifadhi mapenzi yote yaliyomo katika mwito ule. Hata kile cheo kikubwa ambacho mkuu wao humpa Link, shujaa wa michezo hiyo, nilikiandika "ndugu wa kiapo", na nilipokisoma kwa sauti nilihisi kwamba neno limekaa mahali pake.

Kuna wenzangu humu mnaoandaa orodha za majina na maelezo ya viumbe kwa ajili ya wachezaji wa Kiswahili. Nawaomba mbaki baada ya kikao tuzilinganishe. Yangu ninayo hapa, nimeiandika kwa penseli, na kwa kila jina nimeandika shahidi wangu ni nani: namba, sura, au neno. Kando ya majina kumi na mawili nimeweka alama ya kuuliza, na la kwanza kati yao ni Yoshi.